Mwaka Nilioitikia Kila Karibu

Nilifika Malindi nikiwa nimelala kifudifudi juu ya magunia ya muguka. Tulikuwa tumetoka Kiritiri mchana wa siku iliyotangulia, na dereva aliendesha kama mtu aliyeiba gari, kwa sababu muguka ni majani ya kutafuna na watu wa Pwani huyataka yakiwa mabichi. Yakinyauka njiani hayana tofauti na chakula cha mbuzi. Kazi yangu ilikuwa kuyalalia magunia yasirushwe na upepo. Embu niliiona. Thika niliiona nusu. Nairobi niliinusa tu. Mtito Andei dereva alisimama, akagonga bodi akauliza kama ningali hai, na kabla sijamaliza kujibu akaondoka. Asubuhi tulipovuka daraja la Kilifi niliinua kichwa nikaona maji mengi ya buluu chini yetu, nikampigia kelele nikitaka kujua kama hiyo ndiyo bahari. Akasema huo ni mkono wake tu, mwenyewe yuko mbele. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, cheti cha kidato cha nne kilichokunjwa mara nne, shati moja la akiba, na mpango wa kuitazama bahari kutwa nzima kisha kurudi na pikapu ileile jioni. Pikapu ilirudi jioni. Mimi nilirudi baada ya mwaka mmoja na siku kadhaa.

Nimehama miji mingi tangu wakati huo na sijaulilia hata mmoja. Huu nao ningeuacha ukalala huko ulikolala, kama si kwamba mwezi uliopita nilikuwa Meru mjini nikiuza miche ya parachichi, nikamwona mwanamume mnene mwenye kofia nyeupe ya kutarizi akishuka kwenye tuktuk na kunitazama kuanzia miguu kupanda juu. Alikuwa Swaleh, aliyekuwa kiongozi wa waongozaji watalii katika mtaa wetu wa Malindi. Binti yake ameolewa Meru, katika familia ya Waislamu wenye malori, naye alikuja kumjulia hali. Tuliingia kwenye hoteli ya mkwewe, tukaagiza chai, na hapo akaniambia kwamba shangazi yake, Bi Maimuna, aliyenipa chumba mwaka ule, alitutoka kabla ya Ramadhani. Chai ikafanya ngozi juu kabla hatujaigusa. Kisha Swaleh akasema, bila kutabasamu, kwamba tangu niondoke hakuna mlango uliofungwa tena mchana. Tulicheka hadi mhudumu akaja kutazama kama kuna aliyepaliwa.

Chumba chenyewe kilikuwa uani kwa Bi Maimuna, kati ya kisima na jiko. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, na chokaa ile ilibanduka usiku ikaniangukia, hivyo kila asubuhi niliamka kama mtu aliyelala kwenye gunia la unga. Kulikuwa na kitanda cha kamba, msumari mmoja wa kutundikia shati, na dirisha lililoingiza harufu ya nazi tangu alfajiri. Nilikipata chumba hicho kwa kuomba maji. Nilisimama mlangoni nikamwuliza mama mmoja wa makamo, "U hari gani?" kwa maana ulimi wetu wa Mbeere hauna subira na herufi ya l, naye akajibu kwamba hari ni nyingi kweli, mwanangu, hata nguo zimemganda mwilini. Akanipa maji. Kisha akaniambia nimletee mbuzi aliye uani. Nikaenda. Nilitafuta nyuma ya kisima, nikatafuta chooni, nikapanda ukuta nikachungulia kwa jirani, nikarudi nikamwambia kwa masikitiko kwamba mbuzi ametoroka. Alikuwa anataka kile kigoda chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi. Alicheka akalia, akafuta machozi kwa ncha ya leso, na alipojua kwamba gari langu limeniacha akasema kuna chumba, nami nitakuwa namchotea maji na kumkunia nazi kwa huyo mbuzi asiyetoroka.

Siku ileile, akiwa ameketi mkekani na sinia ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, alinitazama nikipita akasema, "Karibu." Nikanawa mikono nikaketi. Kwetu, ukikataa chakula cha mtu unamwambia waziwazi kwamba unashuku amekitia kitu, na uadui wa namna hiyo huweza kupita kwa watoto. Kwa hiyo nilikula vizuri, ili aone kwamba simshuku hata kidogo. Kesho yake fundi cherehani wa nyumba ya tatu alikuwa barazani kwake akila maharagwe ya nazi. Aliniona nikipita, akasema karibu. Nikaketi. Keshokutwa yake alikuwa mwalimu wa madrasa, na mahamri na mbaazi. Nikaketi. Nilistaajabu sana. Nilikuwa nimeambiwa kwamba watu wa Pwani ni wa maneno mengi na mkono mfupi, na sasa nikaona jinsi watu wetu wanavyowasingizia. Mtaa mzima ulikuwa unanilisha. Ikiwa siku moja nimekaribishwa nyumba tatu, nilikula nyumba tatu, hata kama ya tatu nilikuwa namezea maji. Sikutaka kumvunja mtu moyo.

Kazi niliyoitaka ilikuwa ya Swaleh. Nilimwona siku ya pili, amesimama kwenye ule mwamba unaoingia baharini, ambako Wareno walijenga nguzo yao nyeupe yenye msalaba juu. Alikuwa amezungukwa na Waitaliano, akiwaeleza kwa Kiitaliano mambo ya karne zilizopita kama mtu anayesimulia ugomvi wa jana kwa jirani. Kifuani alikuwa na beji ya bati yenye jina lake. Sijui kilichonipata. Nilikuwa nimewahi kuchunga mbuzi, kushika jembe na vitabu, na hakuna kilichowahi kunifanya nitamani kuamka mapema. Lakini beji ile niliitaka kama mtu mwenye kiu. Nilimwambia hivyo. Swaleh alinisikiliza jinsi ninavyoita Malindi "Marindi", akafumba macho kidogo, kisha akasema kwamba kamati yao haijawahi kumpa beji mtu wa bara, lakini wageni wa bara wameanza kuja kwa mabasi na hakuna anayewaelewa wakiuliza maswali. Nitembee naye hadi upepo wa kusi uishe. Nijifunze. Kisha nitapewa kundi, naye atafuata nyuma na daftari. Nikishindwa, nirudi kwetu.

Nikajifunza. Nilijua lile kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti, na makaburi yake machache, mpaka nikaweza kuwazungusha watu humo nikiwa nimefumba macho. Nilijua kwamba maji ya ufuo wa Malindi hugeuka mekundu mvua zikinyesha bara, kwa sababu mto huteremsha udongo wa huko mpaka pale, na niliona fahari ya ajabu kuwaambia wageni kwamba wanaoga katika mashamba ya watu wa Kati. Nilijua saa ya kuwapeleka Watamu, maji yakiwa yamekupwa na mchanga mweupe umeachwa wazi hadi kwenye vile visiwa vinavyofanana na uyoga. Nilijua magofu ya Gede na tumbili wake wanaoiba ndizi. Nilichokosa ni kitu kimoja tu: mtaa wetu wenyewe, ambao wageni walipenda kuupita, sikuwa na hadithi yake.

Hadithi ikaja yenyewe. Baada ya miezi mitano hivi nilianza kuona jambo. Nilipofika kwanza, adhuhuri ilikuwa saa ya watu kukaa barazani na sinia zao, milango wazi. Sasa, saa saba kasoro, nilikuwa nikiingia mtaani nasikia komeo moja, kisha la pili, kisha mfululizo hadi mwisho wa mtaa, ka, ka, ka, na mimi peke yangu katikati. Ni mlango wa Bi Maimuna tu ambao haukufungwa, na hilo sikulishangaa kwa kuwa mimi nilikuwa mpangaji wake. Nilimwuliza fundi cherehani sababu. Alitazama sindano yake kwa muda mrefu akasema ni upepo. Nilimwuliza mwalimu wa madrasa, akasema ni paka. Niliona kwamba watu wananificha jambo la zamani na lenye uchungu. Nikakaa chumbani nikafikiri, na kichwa changu chenye cheti kikaunganisha: Wareno. Bila shaka enzi zile askari wa Wareno walikuwa wakipita saa ya chakula na kuingia majumbani kula vya watu, na tangu hapo wenyeji hufunga milango adhuhuri, desturi imebaki ingawa sababu imesahauliwa. Swaleh akiwa na Waitaliano wake, niliwaeleza wanafunzi wa kwanza kutoka Runyenjes, wakaandika. Niliwaeleza walimu kutoka Embu, wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja alipiga picha ya komeo.

Siku ya mtihani wangu kundi lilikuwa la akina mama ishirini na sita wa kanisa, kutoka upande wa Nkubu, Meru. Mkubwa wao aliitwa Mama Kanana, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Swaleh alifuata nyuma na daftari lake kama askari wa barabarani. Asubuhi niliwapeleka ufuoni. Waliingia majini na magauni yao, wameshikana mikono, wakipiga kelele kila wimbi likija na kuliomba radhi likirudi. Kila mmoja alionja kuhakikisha ni chumvi kweli. Walijaza chupa za kupeleka nyumbani, za dawa, na Mama Kanana alikuwa na mtungi wa plastiki wa lita ishirini. Nilimwuliza ni wa mgonjwa gani. Akasema ni wa ng'ombe, huyo hupenda chumvi. Nguzo niliieleza vizuri. Kanisa nililieleza vizuri, nao wakaimba wimbo mmoja ndani yake. Nilimwona Swaleh akiandika na uso wake ukiwa mwepesi. Tukaingia mtaani kwetu adhuhuri.

Makomeo yakaanza kulia. Nikawasimamisha, nikanyoosha mkono kama mhubiri, nikawaeleza habari za Wareno na vyakula vya watu. Akina mama walisema pole. Mmoja alisema hata kwao wakati wa wakoloni ilikuwa hivyohivyo, walikuwa wanachukua kuku. Nyuma yao Swaleh alikuwa ameacha kuandika. Nilidhani ameguswa. Tukaendelea, na kwa kuwa ni mlango mmoja tu uliokuwa wazi, sote tukatokea mbele ya Bi Maimuna, mkekani, yeye na sinia yake. Alituona. Akatusemesha kwa sauti ileile ya siku zote.

"Karibuni."

Mama Kanana alisimama. Akawageukia wenzake. "Tumeambiwa karibu."

"Na vile tumechoka," akasema mmoja.

"Viatu inatolewa hapa kwao," akasema mwingine, ambaye tayari alikuwa ameinama.

Viatu vilirundikana mlangoni kama mnadani. Waliingia mmoja mmoja, wakimpa Bi Maimuna mkono, wakimwuliza habari za nyumbani. Swaleh alinishika kiwiko akanivuta hadi kwenye baraza la jirani.

"Ireri, wafanya nini hawa?"

"Wanaenda kula. Wamekaribishwa."

"Wamekaribishwa," akarudia, taratibu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama mimi pia, muda huo wote, ndivyo nilivyokuwa nikidhani. Nikamwambia ndiyo, kwani vipi? Swaleh akaketi.

"Ndugu yangu, karibu ile si chakula. Ni salamu. Mtu yuala, akuona wapita, akwambia karibu. Nawe waweka mkono kifuani wasema starehe, wapita na njia zako. Hajakwita."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Nikaanza kuwakumbuka. Mwalimu wa madrasa, Ijumaa zote. Fundi cherehani, ambaye alikuwa na watoto sita na ambaye siku moja nilimmalizia mkia wa samaki kwa kuona ameuacha. Mjane wa nyumba ya mwisho, ambaye alikuwa na uji tu, nami nikala nusu ili asijione maskini. Nikauliza, ingawa tayari nilikuwa najua, habari za milango. Swaleh akasema Wareno hawamo.

"Mbona hamkuniambia?"

Alinitazama kama niliyemtukana. "Tungekwambiaje, na tonge li mkononi mwako?"

Kisha akasimama akakung'uta kanzu. Akasema kule ndani kuna wali wa watu wawili na wanawake ishirini na sita, na kwamba mimi ndimi mwongozaji. Niwaongoze watoke.

Niliingia nikiwa na maneno mdomoni. Akina mama walikuwa wameketi sakafuni, magoti kwa magoti, hadi ukumbini na uani. Mama Kanana alikuwa anaombea chakula kwa Kimeru, sala ndefu iliyompitisha Bi Maimuna kwa jina, nyumba yake, kisima chake na wote waliomo, na Bi Maimuna, asiyeelewa neno, alikuwa amefungua viganja akiitikia amina kila mwenzake akivuta pumzi. Nilitazama sinia. Nilitazama nyuso zile zilizochoka kwa jua, za watu ambao hawakuwa wameshuku kitu chochote, na nikajua kwamba nikisema sasa, hakuna hata mmoja wao atakayesahau hadi kaburini. Nikaelewa jinsi fundi cherehani alivyokuwa akiitazama sindano. Nikachukua birika na bakuli, nikaanza kuwanawisha mikono.

Kila mmoja alipata kiasi cha kuonja. Ndipo mifuko ikafunguliwa. Walikuwa wamebeba vyakula kutoka Nkubu kwa sababu hakuna mwanamke wa kwetu aendaye safari mikono mitupu: nduma, viazi vitamu, parachichi, maharagwe, mikungu ya ndizi iliyoivia ndani ya basi. Wanne waliingia jikoni kwa Bi Maimuna bila kuuliza. Wengine walimenya. Mmoja alipewa mbuzi akune nazi, akauliza mbuzi yuko wapi, na Bi Maimuna akacheka tena kile kicheko cha machozi. Harufu ikatoka mtaani, na baada ya muda nikasikia komeo likifunguliwa upande wa pili. Kichwa cha fundi cherehani kikachungulia. Mama Kanana akamwambia karibu, naye akaweka mkono kifuani akasema starehe, na Mama Kanana akaenda akamshika mkono akamketisha. Mtaa wote ulikula pale mpaka adhana ya alasiri. Gede hatukufika. Swaleh alikula nduma tatu, akaomba chumvi.

Nilijua nimeshindwa. Lakini baada ya wiki mbili aliniletea beji, yenye jina langu na kosa moja la herufi, akanionyesha daftari. Mbele ya historia ya mtaa alikuwa ameandika "uongo" na kupigia mistari miwili. Chini ya ukurasa, peke yake, alikuwa ameandika: "Hakuwatoa." Aliwasomea wanakamati neno hilo moja tu, nao wakakubali.

Nilivaa beji ile miezi miwili. Sikuwahi kuchapa kazi vizuri namna ile, na sikuwahi kuwa peke yangu namna ile. Milango ilikuwa wazi tena. Nilipita adhuhuri, karibu ikatoka kushoto, nikaweka mkono kifuani. Karibu ikatoka kulia, nikaweka tena. Watu walinitazama kwa heshima mpya, kisha wakarudi kwenye sinia zao, na mimi nikaenda chumbani na viazi karai vyangu ndani ya gazeti. Hata kwa Bi Maimuna nilisema starehe. Alinyamaza kila mara, na mimi nikadhani ndivyo adabu inavyosikika. Hapo Meru majuzi Swaleh alilalamika kwamba yeye naye karibu afe njaa siku ya kwanza kwa wakwe. Mama mmoja jirani alimwambia karibu chai, naye akaweka mkono kifuani akasema starehe. Mama yule akamwuliza kwa ukali ni starehe gani anayotafuta asubuhi mapema hivyo, kisha akamwondolea kikombe. Nilicheka, lakini nilimjua vizuri mtu huyo aliyeondolewa kikombe. Mji nilikuwa nimeupata kwa kutokujua, na nilipojua ukanifungulia milango yote na kunipitisha nje.

Mwezi wa pili ulipoisha nikamrudishia Swaleh beji. Hakubishana sana. Alinitafutia nafasi kwenye lori la chumvi lililokuwa linaelekea Meru, na dereva akasema atanisubiri barabarani adhuhuri, dakika tano, si zaidi. Nilikunja shati, nikakung'uta chokaa kichwani, nikapita ukumbini. Bi Maimuna alikuwa mkekani.

"Karibu," akasema.

Nikaweka mkono kifuani. "Starehe, Bi Maimuna."

Aliacha kula. "Tangu ufike ulikula kwangu, hukunambia starehe. Sasa miezi miwili wanambia, hata leo wenda zako? Nani aliyekufunza upuzi huo?"

"Swaleh."

"Swaleh ni wa kuwaambia Waitaliano." Akasogeza sinia upande wa pili wa mkeka, na hapo ndipo nilipoona kwamba wali ulikuwa umegawanywa katikati kwa mstari wa kidole, na kila upande una kipande chake cha samaki. "Siku ile ya mbuzi nilijua kwamba hujui. Kesho yake nikaanza kupika ya watu wawili. Hii miezi miwili namwaga. Keti."

Nikaketi. Nilikula bila kuinua macho, kwa sababu hayakuwa katika hali ya kuinuliwa. Honi ya lori ililia barabarani mara moja, ikalia tena ndefu, kisha ikanyamaza, na baada ya muda nikasikia hatua nzito zikija mtaani. Dereva, mtu wa Chuka mwenye mabega ya kujaza mlango, alisimama kizingitini akiwa amekwisha kufungua mdomo wa kunifokea.

"Karibu," Bi Maimuna akamwambia.

Akaitazama sinia. Akanitazama mimi. Kisha akaegemeza mkono mmoja ukutani, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.